Kafuro, Kituo cha Misafara Chini ya Milima ya Karagwe

Kafuro ilikuwa kituo cha misafara ya biashara katika ufalme wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ilikaa bondeni, mwendo mfupi kutoka Bweranyange, makao ya Omukama, yaani mfalme, kusini-magharibi mwa mji wa sasa wa Kayanga. Kwa takribani miaka 40, tangu miaka ya 1840 hadi ya 1880, wafanyabiashara wenye asili ya Unguja, Maskati na Surat walipumzika hapo pamoja na wapagazi wao, wakaweka mizigo yao na kusubiri ruhusa ya kuingia Buganda. Vitabu vya historia ya biashara ya bara huipa Tabora sura nzima na Ujiji kurasa kadhaa. Kafuro hupewa mstari mmoja, na mara nyingi mstari wenyewe umo ndani ya habari za Mzungu fulani aliyepita njia hiyo. Kwihara ina tembe lililohifadhiwa, Ujiji ina makumbusho, Kafuro haina kimoja wala kingine. Hiyo si haki, kwa kuwa hapakuwa na kituo kingine cha pwani kaskazini ya Tabora kilichodumu hivyo chini ya ulinzi wa mfalme wa bara, wala mahali pengine katika eneo hilo ambapo Kiswahili kilipata makao mapema kiasi hicho.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoamua mahali pa kituo. Karagwe na Kyerwa ni migongo mirefu ya milima inayokwenda kaskazini na kusini, nyasi juu, mashamba ya migomba na kahawa kwenye miteremko, chemchemi chini. Upande wa magharibi ardhi hushuka hadi bonde la Mto Kagera lenye mafunjo na maziwa madogo, na ng'ambo yake ni Rwanda. Mto huo huo hukunja kaskazini kisha mashariki, ukaitenga nchi na Uganda, ndipo uelekee Ziwa Viktoria. Msafara uliotoka Tabora ulipanda kupitia Unyamwezi na Usui, ukaingia Karagwe kutoka kusini, ukafuata migongo ya milima hadi Bweranyange, kisha ukashuka kuelekea kivuko cha Kitengule kwenye Kagera. Baada ya kivuko hicho ilikuwa njia ya Buganda. Mahali pa kupumzika kati ya nchi mbili zenye nguvu palihitaji maji, chakula, malisho na amani, na Karagwe ilikuwa na vyote hivyo.

Asili ya ufalme imesimuliwa mara nyingi na haihitaji kurudiwa kwa kirefu. Masimulizi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, yanasema kwamba Ruhinda alifika kutoka kaskazini, akamwondoa Nono wa ukoo wa Basita, na uzao wake, Wahinda, ukatawala tangu hapo. Israel Katoke, mwanahistoria aliyeandika historia ya ufalme huo katika kitabu kilichotoka 1975, aliuweka mwanzo wake karibu na mwaka 1400. Tarehe hiyo inategemea hesabu ya vizazi vya wafalme, na hesabu za namna hiyo hunyumbuka. Lisilo na shaka ni kwamba kufikia karne ya 19 Karagwe ilikuwa ufalme wa zamani, wenye ng'ombe wengi, wahunzi hodari na desturi za kiti zilizokomaa. Wageni wa pwani walipofika walikuta serikali yenye taratibu zake za kupokea wageni.

Walifika wakati wa Omukama Ndagara, baba yake Rumanyika, aliyefariki katika miaka ya 1850. Ahmed bin Ibrahim, anayetajwa kuwa mfanyabiashara wa kwanza wa Kiarabu kufika Buganda, alisimama mbele ya Kabaka Suna mwaka 1844, na njia yake ilipita Karagwe. Snay bin Amir, Mharithi kutoka Oman aliyefanya Tabora kuwa makao yake, alifika kwa Suna mwaka 1852. Kuna pia Musa Mzuri, Khoja wa Surat, ambaye pamoja na kaka yake alikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza wa ng'ambo kufanya biashara Unyamwezi. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Tabora mwishoni mwa 1857, Musa hakuwapo nyumbani: alikuwa safarini Karagwe. Habari nyingi za Karagwe alizoandika Burton alizipata barazani kwa Snay, naye mwenyewe hakukanyaga huko.

Bidhaa zilizopanda zilikuwa ushanga, nyaya za shaba, merikani, kaniki, bunduki na baruti. Zilizoshuka zilikuwa hasa pembe za ndovu, na pamoja nazo watu. Utumwa hauwezi kuachwa nje ya historia ya Kafuro. Wafanyabiashara wake walimiliki watumwa waliolima mashamba yao, waliochunga mifugo yao na waliobeba pembe hadi Tabora, na utajiri wa kituo ulisimama juu ya migongo ya watu hao ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote.

Kwa nini wafanyabiashara walisimama Kafuro badala ya kuendelea moja kwa moja? Kwa sababu mlango wa Buganda haukufunguliwa hovyo. Mgeni alipaswa kutuma wajumbe kwa Kabaka, kusubiri jibu, na mara nyingi kusubiri watu wa Kabaka waje kumchukua. Kusubiri huko kulichukua wiki au miezi. Katika muda huo msafara ulihitaji mahali salama pa kuweka ushanga na nguo, ng'ombe wa kukamua, ndizi za kula, na mtu mwenye mamlaka wa kumlalamikia mwizi akitokea. Baadhi ya wafanyabiashara waliona kwamba kusubiri kuna faida kuliko kwenda. Wakajenga nyumba, wakaoa, wakanunua pembe zilizoletwa na wengine.

Waandishi wa Ulaya waliita Kafuro bohari ya Waarabu, na jina hilo limerudiwa hadi leo kana kwamba wageni walikuja wakajichagulia bonde na kuweka koloni dogo. Maelezo ya waandishi hao hao yanapinga jina hilo. Kituo kilikuwa nje ya makao ya mfalme, karibu kiasi cha kuangaliwa, mbali kiasi cha kutochanganyika na watu wa kikale, yaani makao hayo ya mfalme. Hapakuwa na boma la vita wala bendera. Hapakuwa na jeshi la kituo. Pembe zilipatikana kwa ridhaa ya Omukama, na njia ya kwenda mbele ilifunguliwa au kufungwa kwa neno lake. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliandika jambo lililomshangaza: huko Usui, kwa chifu Suwarora, msafara wake ulikamuliwa hongo kituo baada ya kituo hadi nyaya zikakaribia kwisha, lakini walipovuka mpaka wa Karagwe wakuu wa vijiji walikuwa wameagizwa kuwalisha wageni kwa gharama ya mfalme, na hakuna ushuru uliodaiwa njiani. Huo haukuwa ukarimu mtupu, ingawa ukarimu ulikuwepo. Ilikuwa siasa ya biashara: mfalme asiyetoza hongo barabarani huvuta misafara yote kwake, kisha hupata nguo, ushanga, habari na bunduki kabla ya majirani zake. Kafuro ilikuwa chombo cha siasa hiyo. Ni kituo cha Wahinda kilichokaliwa na watu wa pwani, na mpangilio huo unaeleweka vizuri zaidi kuliko ule wa bohari ya kigeni.

Ugomvi uliofuata kifo cha Ndagara ndio unaotumiwa na wale wanaofikiri vinginevyo. Wana watatu walitajwa kugombea kiti: Rumanyika, Rogero na Nnanaji. Rumanyika mwenyewe alimsimulia Speke jinsi haki yake ilivyothibitishwa. Ngoma ndogo, nyepesi lakini iliyosheheni dawa, iliwekwa chini mbele ya ndugu watatu, na ni yule tu mwenye haki ambaye angeweza kuinyanyua. Wengine wawili walishindwa, yeye akaiinua kwa kidole kidogo. Rogero hakukubali. Alikusanya watu wake na vita vikaingia nchini. Hapo ndipo Musa Mzuri anapoingia katika hadithi, akiwa safarini kwenda Buganda na watu wenye bunduki. Aliingilia upande wa Rumanyika, Rogero akafukuzwa, na Musa akalipwa pembe nyingi za ndovu.

Kutokana na kisa hiki baadhi ya waandishi wamehitimisha kwamba Rumanyika aliwekwa na wafanyabiashara, na kwamba utulivu wa Karagwe baada ya hapo ulikuwa utulivu wa mtu mwenye deni. Hitimisho hilo halisimami. Kwanza, Speke alipofika mwishoni mwa 1861, Rogero alikuwa bado hai, na Rumanyika alimwomba mgeni wake dawa ya kumwua ndugu huyo. Bunduki za Musa, basi, hazikumaliza ugomvi. Zilimpa mfalme nafuu, na mfalme akaendelea kuutafutia ugomvi huo dawa kwa njia zake. Pili, malipo ya pembe yalikuwa malipo kamili, mara moja, kwa kazi iliyofanyika. Hakuna habari kwamba Musa au warithi wake walipewa ardhi ya kutawala, haki ya kutoza ushuru au kauli juu ya kiti. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, Wanyambo waliosimulia kisa cha ngoma walikuwa wanajua habari za bunduki, na bado waliiweka ngoma mbele. Kwao uhalali ulitoka kwenye ngoma na chuma cha mababu. Mwandishi anayeitupa ngoma na kubakiza bunduki amechagua nusu ya ushahidi wa shahidi yule yule.

Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Bweranyange tarehe 25 Novemba 1861. Walipewa hiari ya kukaa nje ya makao ya mfalme au kwenye kituo cha Waarabu huko Kafuro, kilicho kwenye njia ya Buganda, wakachagua kuwa karibu na mfalme, juu ya ziwa dogo ambalo Speke alilibandika jina la Windermere kwa kukumbuka ziwa la kwao Uingereza. Jina hilo halikudumu midomoni mwa watu wa Karagwe, na hapakuwa na sababu lidumu. Kutoka vilima hivyo Speke aliona vilele vya Mufumbiro, milima ya volkano iliyoko upande wa Rwanda, Uganda na Kongo, na inaaminika kwamba hakuna Mzungu aliyeviona kabla yake.

Katika maelezo ya siku ya kwanza kuna sentensi ambayo wasomaji wa Kiingereza huipita haraka, nayo ina thamani kubwa kwa wasomaji wa Kiswahili. Speke anaeleza kwamba mfalme, mtu mrefu mwenye sura ya heshima, aliketi pamoja na Nnanaji akiwa amevaa joho jeusi la Kiarabu, soksi za ushanga wa rangi na vikuku vya shaba, na kwamba maamkizi yake ya kwanza yalitolewa kwa Kiswahili kizuri. Mwaka huo hapakuwa na shule wala misheni yoyote katika nchi hiyo. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda miaka 16 baadaye. Wajerumani waliokuja kukifanya Kiswahili lugha ya ofisi walikuwa bado miaka 29 mbali. Mfalme wa Wahinda, mamia ya kilomita kutoka bahari, aliwaamkia wageni wa Uingereza kwa lugha ya Unguja, na kikosi cha akina Bombay na Baraka waliofuatana na Speke kikamwelewa.

Nani alimfundisha? Hakuna jibu jingine la maana isipokuwa Kafuro. Lugha hujifunzwa kwa mazoea, na mazoea yalikuwa pale: wafanyabiashara walioenda kumsalimia mfalme, makarani wao, wapagazi, wake waliowaoa nchini, watoto waliokua wakisikia Kinyambo nyumbani na Kiswahili barazani. Inapoelezwa kwamba Kiswahili kilienezwa bara na serikali ya kikoloni, Karagwe inapaswa kuwekwa mezani kama hoja ya kinyume. Huko kilipanda kwa miguu ya wapagazi, kikapokelewa na mfalme kwa hiari yake, kwa kuwa kilimfaa. Mfalme aliyekijua hakuhitaji mkalimani wa mfanyabiashara kumwambia bei ya pembe huko Tabora.

Ni katika nyumba ile ile ya mfalme, hata hivyo, ndipo lilipopata nguvu wazo lililoleta madhara makubwa. Speke alitazama sura za Wahinda na wafugaji wenye ng'ombe, akawafananisha na watu wa Uhabeshi, na katika kitabu chake cha 1863 akajenga nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa walikuwa taifa la wavamizi kutoka kaskazini-mashariki, tofauti kwa damu na wakulima waliowatawala. Hakuwa na kipimo cha lugha, wala cha akiolojia, wala cha ukoo. Alikuwa na macho na Biblia. Wahinda na wakulima wa Karagwe wanasema lugha moja, Kinyambo, na koo nyingi zina wafugaji na wakulima ndani yake. Nadharia hiyo iliokotwa na wamisionari na watawala waliofuata, ikaandikwa katika vitabu vya shule na katika vitambulisho upande wa pili wa Kagera, na gharama yake ilionekana Rwanda katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka kuingia Ngara na Karagwe. Waandishi wanaoendelea kumsifu Speke kwa maelezo yake mazuri ya kikale cha Rumanyika wana wajibu wa kutaja pia kilichotoka hapo.

Grant alibaki. Mguu wake ulikuwa na donda lililomzuia kutembea, na Speke alipoondoka Januari 1862 kwenda kwa Kabaka Mutesa, Grant alikaa chini ya ulinzi wa Rumanyika hadi Aprili, alipobebwa kwa machela kuelekea Buganda. Kitabu chake cha 1864 ni kipole kuliko cha Speke, na kinaonyesha maisha ya kila siku ambayo mwenzake hakuwa na subira ya kuyatazama.

Mtu aliyeielezea Kafuro yenyewe vizuri zaidi ni Henry Morton Stanley, aliyefika Februari 1876 na kukaa mwezi mzima. Aliliona bonde refu lililozama chini ya milima inayolizunguka, penye chemchemi za kijito kinachoishia kwenye Kagera. Aliwakuta wafanyabiashara wawili watatu matajiri, mkuu wao akiwa Ahmed bin Ibrahim yule yule wa safari ya 1844, ambaye Stanley anamwita Hamed. Alikuwa amekaa Kafuro miaka 18, katika nyumba kubwa yenye paa la mgongo, kati ya wake na watoto wake. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100 na pembe 450, nyingi zikiwa zimehifadhiwa kwa chifu rafiki yake huko Unyamwezi. Hesabu hiyo inaeleza mengi. Tajiri wa Kafuro hakuweka pembe zake Kafuro. Mtu anayejiona mwenye mji huweka mali yake mjini. Ahmed alijua kwamba kukaa kwake kulitegemea uhai na hisani ya mfalme mmoja, tena mzee.

Stanley aliingia pia katika nyumba ya hazina ya Bweranyange. Aliona humo sanamu za bata za shaba ya njano zenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, nyengo na mikuki ya chuma, kiti cha enzi na ngoma. Yeye aliona vitu vya ajabu vya mfalme mpenda mapambo. Wanaakiolojia waliofanya utafiti Karagwe katika miaka ya 1990, akiwemo Andrew Reid, wamesoma vitu hivyo kwa njia nyingine: nyundo na ng'ombe wa chuma ni lugha ya utawala wenyewe, ambamo mfalme ni mhunzi na mfugaji kwa wakati mmoja, na uhunzi unafungamana na uzazi wa nchi. Usomaji huo una mizizi. Mkoa wa Kagera una mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya zaidi ya miaka 2,000, na Wahinda walijitwalia heshima ya tanuri iliyokuwepo kabla yao. Baadhi ya vitu vya chuma vya Karagwe vimo katika makumbusho ya Ulaya.

Kutoka Kafuro wageni walipelekwa kuona vivutio vya nchi, kama ilivyo kawaida ya kituo chochote cha safari ndefu. Rumanyika alimpa Stanley mitumbwi ya kuvinjari maziwa na mafunjo ya Kagera, akafika hadi Ihema, ziwa ambalo sasa liko ndani ya Rwanda. Speke kabla yake aliwinda vifaru na kumpelekea mfalme vichwa vyao. Vifaru hao walitoweka. Walirudishwa mwaka 2017, lakini upande wa pili wa mto, katika hifadhi ya Akagera.

Kivutio kikuu kilikuwa Mtagata, chemchemi za maji ya moto zilizo katika wilaya ya Kyerwa ya leo, mwendo wa siku mbili kaskazini mwa Kafuro kwa hatua za msafara. Stanley alizikuta katika korongo lenye msitu mnene chini ya majabali, nyani na kima wakipiga kelele juu ya miti. Maji yalitoka kwenye mwamba yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, yakajikusanya katika visima vya kuogea. Wagonjwa walikuja kutoka nchi nyingi jirani, wengine wenye magonjwa ya ngozi, wengine viungo, wakakaa katika vibanda na kuoga kwa siku kadhaa. Stanley aliyanywa na kuyaoga kwa siku tatu, akaondoka akisema kwamba hakupata faida ila usafi. Hukumu hiyo imenukuliwa kama neno la mwisho la sayansi juu ya Mtagata, jambo lisilo sawa. Mtu mwenye afya hawezi kuwa kipimo cha tiba. Maji ya moto hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo, na watu waliotembea siku nyingi kuyafuata walikuwa na sababu. Wanaendelea kuyafuata hadi leo.

Rumanyika alifariki mwaka 1878, na Kafuro haikukaa muda mrefu baada yake. Warithi walifuatana haraka, baadhi yao wakiwa vijana mno, huku ndugu na wakuu wakigombania mamlaka nyuma ya kiti na Buganda ikiingiza mkono. Siasa ya njia isiyo na hongo ilihitaji mfalme mwenye nguvu ya kuwazuia wakuu wake mwenyewe, na mfalme huyo hakuwepo tena. Ahmed bin Ibrahim aliuawa Karagwe katika miaka ya 1880, baada ya kuishi nchini humo zaidi ya robo karne. Stanley alipopita tena mwaka 1889, akirudi na Emin Pasha, gavana aliyekuwa ametumwa kumwokoa, Kafuro ilikuwa kituo cha zamani tu. Miaka michache baadaye sotoka ikaangamiza ng'ombe, ndui ikawapata watu, na nguzo za uchumi wa Wahinda zikaanguka pamoja.

Kilichofuata kiliihamisha njia yenyewe. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliikata nchi kutoka Buganda kwa mstari wa ramani. Mwaka huo huo Emin, sasa mtumishi wa Wajerumani, alianzisha kituo cha Bukoba kando ya ziwa, na reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 bidhaa zilipita majini. Hakuna aliyehitaji tena kupanda milima ya Karagwe ili afike Buganda. Chini ya Waingereza bati lilichimbwa Kyerwa, na kahawa ya robusta, iliyokuwa ikitafunwa tangu enzi za wafalme, ikawa zao la kuuza nje. Utawala wa machifu ulifutwa baada ya uhuru, mwaka 1963. Vita vya Kagera vya 1978 vilivunja daraja la Kyaka na kuifunga njia ya Bukoba. Chama kikuu cha ushirika cha wilaya, KDCU, kilianzishwa 1990. Mwaka 2012 Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya, na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yakapandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, sambamba na Burigi-Chato upande wa kusini. Jina la mfalme likarudi kwenye ramani kupitia wanyama.

Msafiri wa leo husimama Omurushaka, njia panda iliyo karibu na Kayanga, ambapo lami kutoka Kyaka hukutana na barabara ya Kyerwa inayoelekea mpaka wa Murongo. Kuna gesti, mishikaki, ndizi za kupikwa na za kuchoma, na katika msimu wake senene. Malori ya kahawa na mabasi ya Mwanza na Bukoba hupita hapo. Kivuko cha kale cha Kitengule nacho kimepata daraja la kisasa juu ya Kagera, kwa hiyo njia ya misafara imefufuka kwa sehemu bila wengi kutambua. Bweranyange hufikika kwa gari au bodaboda kutoka Kayanga, na jina lake linajulikana zaidi sasa kwa shule ya sekondari ya wasichana.

Kafuro inastahili kupimwa na wanaakiolojia kabla mashamba hayajalifunika bonde lote. Nyumba za miti na udongo huacha alama za nguzo, majivu, mifupa ya ng'ombe na shimo la taka, na mahali palipokaliwa na watu wa pwani kwa miaka 40 hapawezi kukosa ushanga, vipande vya nyaya za shaba na vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Aina za ushanga peke yake zingeweza kuonyesha ni lini kituo kilianza na ni lini kilikufa, na kulimaliza jambo ambalo maandishi ya wasafiri yameliacha wazi. Makaburi ya wageni waliofia hapo nayo yanahitaji kutafutwa kwa kuwauliza wazee wa vijiji jirani, kazi ambayo haiwezi kungoja kizazi kingine. Karagwe ina walimu wa historia na vijana waliosoma akiolojia Dar es Salaam. Kinachotakiwa ni halmashauri kuliorodhesha bonde hilo miongoni mwa maeneo ya kale na kuweka kibao kwenye barabara ya Bweranyange, chenye majina ya Ndagara na Rumanyika kwanza, kisha Musa na Ahmed, na watu 100 waliomilikiwa na Ahmed wakitajwa kwenye kibao hicho hicho.